Wino wa sangara: shajara ya maabara, Januari hadi Aprili 2025

Jumanne, 14 Januari

Ukimwambia mtu wa Kampala kwamba kazi yako ni kuchapa, atakuuliza duka lako liko upande gani wa Nasser Road, mtaa wa wapiga chapa. Leo nimelijibu swali hilo mara mbili kabla ya saa nne asubuhi, kwanza kwa kijana wa boda, kisha kwa askari wa getini aliyeniona nimebeba printa begani. Yule wa boda nilimwambia tutachapa nyama. Akacheka, akasema nyama ya kuchapwa ataila nani.

Printa yenyewe ni mtumba wa kuchapia plastiki. Kazi yake ni kuyeyusha uzi wa plastiki na kuulaza tabaka juu ya tabaka. Sisi tunataka ifanye vivyo hivyo kwa jeli iliyochanganywa na seli hai. Tumeng'oa kichwa cha kuyeyushia, na mahali pake patakaa bomba la sindano la mililita 10, linalosukumwa na skrubu ndefu inayozungushwa na mota. Hilo si wazo letu. Maabara ya Adam Feinberg kule Carnegie Mellon, Marekani, iliitoa michoro ya pampu ya namna hii bure mwaka 2018. Na mwanzoni mwa miaka ya 2000 Thomas Boland wa Chuo Kikuu cha Clemson alikwishaigeuza printa ya wino ya ofisini ikatema seli badala ya wino.

Tunachotaka kukijaribu sisi ni wino. Jelatini inayouzwa kwa kazi hizi aghalabu ni ya ngozi ya nguruwe. Inaagizwa ng'ambo na kulipiwa kwa dola. Tena kuna neno alilolisema Hajati, mama anayetunza maabara yetu, siku ya kwanza nilipomweleza mradi: "Mwanangu, nikiungua mie, hiyo ya nguruwe usinibandike." Alisema akicheka, lakini namjua Hajati. Na ukoo wangu mzima wa Bombo ungesema vivyo hivyo.

Huku kwetu ziwa linatoa sangara, viwanda vinakata minofu ya kupeleka nje, ngozi inabaki. J. H. Muyonga wa Makerere na wenzake walikwishaandika mwaka 2004 jinsi ya kupata jelatini kutoka kwenye ngozi na mifupa ya sangara, wadogo kwa wakubwa. Wao walikuwa wakifikiria chakula. Sisi tunauliza kama seli zitakubali kukaa humo ndani baada ya kusukumwa kwenye tundu la sindano.

Jumanne, 28 Januari

Nimeshinda Katwe. Fundi wa kutuchongea koti la alumini la kushika bomba hakutaka kuona mchoro wa kompyuta, alilitaka bomba lenyewe mkononi. Akalipima, akaniuliza, "Likae kwa kubana?" Nikasema ndiyo, kwa kubana. "Sasa likigandia humo utalitoaje, mwalimu?" Sikuwa na jibu. Akachonga koti la vipande viwili lenye skrubu nne za kufungwa kwa vidole. Shilingi 90,000 na chai. Michoro niliyoikeshea wiki mbili imebaki kwenye kompyuta.

Alhamisi, 6 Februari

Kilo 4 za ngozi kutoka mwalo wa Ggaba, saa kumi na mbili alfajiri. Muuzaji alidhani nataka mugongowazi, ule uti na kichwa unaobaki baada ya minofu kutolewa. Nilipomwambia nataka ngozi tupu, akaniuliza nafuga mbwa wangapi.

Tumeparua magamba na mabaki ya nyama, tukaosha kwa maji baridi ya chumvi, tukalaza ngozi kwenye asidi hafifu usiku kucha mpaka zikavimba na kuwa kama kioo. Zikaoshwa tena, zikaingia kwenye maji ya nyuzi 50 kwa saa 5. Hapo ndipo kolajeni, ambayo ni kamba ya nyuzi tatu zilizosokotana, hufumuka ikawa jelatini. Kishawishi ni kupandisha moto ili upate nyingi kwa haraka. Utapata nyingi kweli, ila iliyokatikakatika, na jeli yake hulegea. Tumevumilia kwenye 50.

Ghorofa nzima inanuka mwalo wa samaki. Majirani wa ghorofa ya juu wameleta malalamiko kwa maandishi, nakala kwa mkuu wa idara.

Jumanne 11 hadi Jumatatu 17 Februari

Jelatini peke yake haifai kitu mwilini, maana kwenye nyuzi 37 inarudi kuwa maji. Mwaka 2000 watafiti wa Ghent, Ubelgiji, walieleza dawa yake: unaipandikizia vikundi vya methakriloili, kisha unaimulika pamoja na kemikali ya kuanzisha mshikamano, na vikundi hivyo vinashikana moja kwa moja. Jeli ikishashikana hivyo haiyeyuki tena. Wenye kazi huiita jelma.

Jumanne: gramu 20 za jelatini ya sangara kwenye mililita 200 za maji ya chumvi za fosfeti, nyuzi 50, methakriliki anhidridi (kemikali inayoleta vikundi hivyo na kuacha asidi nyuma yake) tone kwa tone, saa 3 za kukoroga. Kisha mchanganyiko ukatiwa kwenye mirija ya utando na mirija ikazamishwa kwenye ndoo ya maji safi ya nyuzi 40 kwa siku 6. Asidi iliyosalia hupenya utando ikatoka, protini kwa ukubwa wake hubaki ndani. Maji ya ndoo yanabadilishwa asubuhi na jioni.

Jumatano umeme ulikatika saa tano usiku na invata yetu ikafuata baada ya dakika 40. Ndoo ilishuka mpaka nyuzi 24. Hajati alipokuja asubuhi akaifunika kwa majani ya migomba na blanketi mbili, kama mtu anayeivisha matoke. Umeme ulipokatika tena Alhamisi usiku, ndoo ilipoteza nyuzi 5 tu hadi alfajiri.

Jumamosi na Jumapili nilikuwa Masaka kwenye kwanjula ya binamu yangu, siku mchumba anapotambulishwa kwa wakwe. Watu 300 na hotuba zisizoisha.

Jumatatu tumefungua mirija na kuipeleka jelma ikaushwe kwa kugandishwa. Imetoka nyeupe na nyepesi kama sufi, gramu 14. Nimeipiga picha kuliko nilivyompiga bibi harusi.

Jumanne, 25 Februari

Siku nne nzima zimeliwa na joto. Kolajeni ya samaki ina prolini na haidroksiprolini kidogo kuliko ya ng'ombe au nguruwe, kwa hiyo jelatini yake huganda na kuyeyuka kwenye joto la chini zaidi. Maabara yetu saa nane mchana ni nyuzi 27. Wino ulikuwa ukidondoka wenyewe kabla mota haijaguswa.

Tumechokonoa mashine ya maji ya kunywa iliyokufa ukumbini na kutoa kile kipande bapa cha Peltier. Ukikipitishia umeme, upande mmoja unapoa na wa pili unaunguza. Upande wa baridi tumeufunga kwenye koti la Katwe, upande wa moto tumeuwekea feni ya kompyuta. Kumbe lile koti la vipande viwili linakumbatia bomba pande zote, linapoza vizuri kuliko kama lingekuwa silinda moja niliyoichora mimi.

Kwa wino wa asilimia 10: nyuzi 12, mgumu kama halua, mota inaruka hatua. Nyuzi 20, uji wa mgonjwa. Nyuzi 16, unatoka uzi mmoja mrefu usiokatika. Tumekaa tukiutazama tu. Sindano ya tundu la milimita 0.41, mraba wa milimita 10 kwa 10, mistari ya kukatana kama chekecheo, tabaka 4, mwanga wa zambarau wa nanomita 405 kwa sekunde 30. Mraba wa kwanza kusimama ulichukuliwa na Hajati kwa koleo, akautikisa, ukatikisika ukarudi mahali pake.

Alhamisi, 27 Februari

Mjomba wangu wa Busia kapita. Alisikia habari za figo ya kwanza kupandikizwa nchini, pale Mulago Desemba 2023, na akili yake ikaunganisha: "Sasa nyinyi mtachapa figo lini?"

Nikamwonyesha mraba. Nikamwambia, mjomba, seli ikikaa mbali na mshipa wa damu kupita sehemu mbili za kumi za milimita, hewa haiifikii vya kutosha, inakufa. Ndiyo maana chetu ni chekecheo chenye matundu, chakula kipite. Figo ni nene kama ngumi na imejaa mishipa myembamba kuliko unywele, na hakuna printa inayoweza kuitandika yote ikafanya kazi. Mwaka 2019 kule Tel Aviv kundi la Tal Dvir lilichapa moyo mdogo wenye mishipa kwa seli za mgonjwa, wa ukubwa wa moyo wa sungura. Seli zake zilijikunja, lakini moyo haukusukuma damu.

"Basi mnachapa nini?" Kibandiko, nikasema, kwa ajili ya waliochomwa na uji wa moto na mafuta ya taa. Tena si leo wala mwaka huu. Akasema kibandiko nacho ni kitu. Akala rolex mbili, zile chapati za kukunjia mayai, akaondoka.

Alhamisi, 6 Machi

Seli leo. Tunatumia 3T3, seli za panya, kwa sababu za binadamu zinataka kibali cha kamati ya maadili na cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na hilo faili bado linasafiri. Zilikuwa kwenye nitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Nitrojeni yenyewe tunagawana na watu wa mifugo wanaohifadhi mbegu za madume. Kila nikienda kujaza mtungi naulizwa fahali wangu ni wa aina gani.

Hizi 3T3 zina heshima yake. Zilianzishwa New York mwanzoni mwa miaka ya 1960 na George Todaro na Howard Green. Mwaka 1975 Green na James Rheinwald walizitandika chini kama godoro ili seli za ngozi ya binadamu ziote juu yake, na zikaota. Miaka minane baadaye, kule Boston, ndugu wawili wadogo walioungua zaidi ya asilimia 95 ya mwili walifunikwa kwa ngozi iliyooteshwa kwa njia hiyo kutoka kwenye vipande vidogo vilivyosalia. Walipona. Nikizitazama kwenye hadubini huwa nazisalimu.

Jelma imechujwa kwenye kichujio cha mikromita 0.22 ikiwa ya vuguvugu, maana kuichemsha kwenye presha kungeikatakata. Seli milioni 2 kwa kila mililita ya wino. Miraba 6 imechapwa, ikamulikwa na kutiwa chakula, ikaingia kwenye inkubeta ya nyuzi 37 saa kumi jioni. Nilipofunga saa kumi na mbili wekundu wa chakula ulionekana umefifia. Taa za chumba kile ni mbaya.

Nimefuturu hapo hapo mezani, kinyume cha kanuni.

Jumamosi, 8 Machi

Njano. Visahani vyote sita.

Chakula cha seli kina rangi ya fenoli ndani yake: ni chekundu kikiwa sawa, njano kikiwa kimechachuka. Tumeyeyusha miraba miwili kwa kimeng'enya, tukatia buluu ya tripani, ambayo huingia kwenye seli zilizokufa tu. Kati ya seli 212 nilizozihesabu, 171 zilikuwa za buluu. Nikahesabu tena kwenye tone la pili, nikapata karibu vile vile.

Mwalimu, msimamizi wangu, alisema neno moja kwa simu: "Uchafu." Bakteria wakiingia hula sukari na kutoa asidi, chakula kikageuka njano. Mimi nilimtia hatiani kwanza fundi wa sindano, yaani nafsi yangu, kwa kusukuma kwa nguvu, maana seli zikibanwa kwenye tundu jembamba hupasuka.

Jumatano, 12 Machi

Tumemkamata mshukiwa. Vyombo vyetu tunavitakasa kwenye sufuria kubwa ya presha, pauni 15, dakika 15, kama kitabu kisemavyo, ambapo mvuke unafika nyuzi 121. Lakini kitabu kiliandikwa na watu wa pwani. Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, hewa yetu ni nyepesi, na kipimo cha sufuria huhesabu kuanzia hewa iliyopo. Pauni 15 za hapa zinafika kama nyuzi 119. Vijidudu vilivyojifungia kwenye ganda vinaweza kuvumilia hapo kwa dakika 15. Tumepandisha muda hadi dakika 35 na kuweka utepe unaobadilika rangi.

Nimejisikia mwerevu siku nzima.

Jumatano, 19 Machi

Tumechapa tena Jumatatu. Njano tena. Za buluu bado ni nyingi kuliko zilizo hai.

Leo nimefanya nilichopaswa kukifanya tarehe 6: kutenganisha. Kisahani cha kwanza, seli na kemikali ya mwanga na mwanga wenyewe, bila jeli. Cha pili, seli ndani ya jeli iliyomiminwa kwa mkono, haikuona sindano. Cha tatu, jeli tupu ndani ya chakula, bila seli hata moja.

Cha kwanza: kizima, kimebaki chekundu. Cha pili: njano. Cha tatu kimegeuka njano ndani ya saa moja, nami nimekaa mbele yake nikikitazama kama anayechunga maziwa yasimwagike. Chakula ni kiangavu, hakina ukungu, na hadubini haioni kitu kinachotembea. Bakteria gani wa kufanya kazi hiyo kwa saa moja? Nimeloweka kipande cha jelma kwenye maji safi nikachovya karatasi ya pH, ya kupimia asidi: chini ya 7 ni asidi. Inasoma 5.

Asidi haikuzaliwa kwenye kisahani, imekuja na wino.

Nikafungua shajara hii hii nikarudi nyuma. Tarehe 15 na 16 Februari: hotuba zisizoisha. Maji ya ndoo yalitakiwa kubadilishwa mara 4 katika siku mbili hizo, na hayakubadilishwa hata mara moja. Usiku wa Jumatano ndoo ilikuwa imeshapoa, asidi ikawa inatoka kwa kusuasua. Halafu ikakaa kwenye maji yale yale machafu mpaka Jumatatu, ndani na nje zikawa sawa, na kisichokuwa na pa kwenda hakiendi. Ndiyo hiyo niliyokausha ikawa sufi, nikaipiga picha. Ule wekundu uliofifia jioni ya kwanza, nikaisingizia taa.

Nimempigia Mwalimu. Alinyamaza kidogo, akauliza kwanjula ilikuwa nzuri? Nikasema ilikuwa nzuri, Mwalimu.

Alhamisi 20 hadi Alhamisi 27 Machi

Jelma yote iliyobaki, gramu 9, imeyeyushwa upya na kurudishwa kwenye mirija. Mara tatu kwa siku sasa, na kila mara pH inaandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, pamoja na jina la aliyebadilisha. Jina likikosekana litaonekana.

Zamu ngumu ni ya usiku. Hajati, anayelala nyumba za wafanyakazi nyuma ya jengo, alisema yeye na mwezi huu anaamka tu kula daku, atapita. Kwa hiyo safu ya saa kumi usiku yote ni mwandiko wake. Umeme umekatika mara tatu katika siku hizo. Majani ya migomba tumeyazoea, siku hizi tunanunua fungu zima sokoni.

Siku ya tano karatasi ilisoma 6. Siku ya saba ikakaribia 7, tukamalizia kwa matone ya soda hadi 7.4 kabla ya kukausha.

Alhamisi, 3 Aprili

Idd imepita. Jelma imerudi kutoka kwenye kukaushwa, gramu 7. Tumeitia kwenye chakula bila seli na kuiacha usiku mzima. Nyekundu.

Ijumaa, 11 Aprili

Tumechapa jana, miraba 8, na mingine 4 tukaimimina kwa mkono bila sindano ili tuwe na cha kulinganisha. Baada ya saa 24: iliyomiminwa, hai 88 katika kila 100; iliyochapwa, hai 81. Hiyo tofauti ya 7 ndiyo sindano, na ndiyo niliyoituhumu mauaji yote. Tukipunguza mwendo wa mota nadhani itashuka. Tukibadili tundu kuwa pana zaidi itashuka pia, ila mistari itakuwa minene na tunarudi kwenye neno la hewa nililomwambia mjomba.

Miraba 12 si kitu. Mwalimu anataka raundi tatu zaidi, kila moja kwa jelma iliyopikwa kivyake, kabla hajaruhusu niandike sentensi yoyote nje ya shajara hii.

Jumapili, 13 Aprili

Siku ya tatu. Seli zikiwa hazina raha hubaki mviringo kama punje za mtama. Zikipata pa kushika hujinyoosha na kutoa ncha. Saa mbili asubuhi nimeshusha lenzi kwenye ukingo wa mstari wa tabaka la juu: ndefu, zenye ncha, zimelala kufuata uzi wa jeli. Katikati ya makutano ya mistari, ambako jeli ni nene, bado kuna mviringo nyingi. Nimewaita waliokuwepo. Hajati aliinama muda mrefu, akasema, "Zimejinyoosha kama watu wa Ijumaa baada ya wali."

Hii si ngozi. Haina tabaka la juu la kuzuia maji na vijidudu, haina mishipa wala vinyweleo. Ni seli za panya ndani ya ngozi ya samaki iliyogeuzwa jeli. Faili la seli za binadamu limerudi na maswali sita ya kamati, na moja, kuhusu protini za samaki kwa mtu mwenye mzio wa samaki, ni swali zuri ambalo hatukuwa tumelifikiria kabisa.

Jelma imebaki gramu 2. Kesho alfajiri Ggaba, kilo 5, ngozi tupu. Ndoo imeshasafishwa, karatasi mpya ukutani. Ramadhani imekwisha, kwa hiyo ya saa kumi usiku ni yangu.